Sarafu za miji ya biashara ya zamani, na noti zilizochakaa za Mugunga

Mugunga, Goma – Katika soko la Mugunga, kwenye barabara inayoelekea Sake, mama muuza makala hupokea noti, huinyoosha kwa vidole, huitazama kwenye mwanga, na mara nyingi huirudisha. Imepasuka kidogo, ama wino wake umefutika. Kwa dola ni mbaya zaidi: alama ndogo ya kupasuka inatosha kuifanya ikataliwe. Mteja mwenye feza anarudi nyumbani bila makala.

Tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, M23 walipoingia Goma na banki kufunga milango, noti mpya zimekuwa haba. Zile zilizobaki huzunguka mikononi mwa watu mpaka zinakwisha. Wengi wameishi kwa feza ya simu, na wengine kwa kuvuka mpaka kwenda Gisenyi kutafuta banki.

Wakaaji wa Goma huita pesa «franga» ao «feza». Neno hili la pili ni lile lile fedha, yaani madini meupe yanayong'aa. Kumbe kila siku watu wa Mugunga wanataja madini hayo huku wakishika karatasi.

Mahali pengine duniani, feza ya madini bado inatengenezwa, lakini si ya kununulia makala. Mwaka 2006 Ujerumani ilitoa sarafu ya fedha ya euro 10, yenye uzito wa gramu 18, kukumbuka miaka 650 ya Hansa. Huo ulikuwa umoja wa miji ya biashara ya kaskazini mwa Ulaya, kama Lübeck, Hamburg na Bremen. Wajumbe wa miji hiyo walikutana Lübeck mwaka 1356, na ndiyo tarehe iliyohesabiwa. Wanunuzi wa sarafu kama hiyo huiweka kabatini. Hakuna anayeitoa dukani kununua mkate.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na miji ya namna hiyo, na miji yenyewe ilipiga sarafu zake. Ibn Battuta, msafiri kutoka Maroko, alifika Kilwa mwaka 1331, miaka 25 kabla ya mkutano wa Lübeck, akausifu kuwa mji mzuri. (Hapa ni Kilwa ya pwani ya Tanzania, si Kilwa yetu ya Katanga, kando ya ziwa Mweru.) Sultani aliyempokea, al-Hasan bin Sulaiman, alikuwa na sarafu za shaba zenye jina lake. Zinajulikana pia sarafu zake tatu za dhahabu. Upande mmoja wa sarafu za Kilwa uliandikwa jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zilikuwa na vina kama shairi. Tarehe haikuwekwa.

Na fedha yenyewe? Ilipatikana kwa wingi Mtambwe Mkuu, katika kisiwa cha Pemba. Mwaka 1984 wachimbuaji wa historia walikuta huko zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha zilizokuwa zimezikwa pamoja na chache za dhahabu, tangu karne ya 11. Mwenye mali alizificha ardhini, na hakurudi kuzichukua. Watu wa Goma waliowahi kukimbia na kuacha nyumba wanaweza kuelewa jambo hilo bila kueleezwa sana.

Sarafu moja ya Kilwa iliokotwa mbali sana, Great Zimbabwe, njia ilikotoka dhahabu. Nyingine tano zilipatikana mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje. Lakini hizo ni ajabu tu. Kwa kawaida shaba ya Kilwa ilitumika Kilwa kwenyewe na visiwa vya jirani. Mbali na hapo, mfanyabiashara alihitaji nguo, shanga ao kitu kingine ambacho mwenyeji alikubali kupokea.

Bara nalo lilikuwa na feza yake. Katika makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale huko Katanga, imekutwa misalaba midogo ya shaba, mingine ikiwa mikononi mwa marehemu. Wakati Katanga ilipojitenga, sarafu zake za 1961 zilichorwa msalaba huo. Karibu zaidi na Mugunga, kandokando ya ziwa Kivu, watu wa karne ya 19 walifanya biashara kwa butega: bangili zilizosukwa kwa nyuzi za mimea, kazi iliyojulikana hasa kwa Watembo. Zilivuka ziwa mpaka Rwanda. Bangili ya nyuzi haina thamani ya fedha wala dhahabu. Ilipita kwa sababu kila upande wa ziwa ulijua kwamba upande wa pili utaipokea.

Jambo hilo ndilo linalokosekana leo mbele ya gunia la makala. Mama hakatai franka ya Kongo. Anaogopa kwamba mwenye kumletea makala kutoka Masisi ataikataa kesho.

Wazee wanakumbuka makuta ya chuma ya wakati wa Mobutu. Franka iliyoanza 1998 imetembea sokoni kama karatasi tu. Hata hivyo sarafu za fedha zenye jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zipo: za franka 10, zilizotengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji, zenye picha za wanyama na michezo. Ziko katika makabati ya Ulaya, safi, hazijawahi kuguswa na mkono wenye vumbi la makala.

Mugunga, noti iliyorudishwa asubuhi inabandikwa skochi, inakunjwa vizuri upande uliopasuka uwe ndani, na jioni, giza likianza kuingia, inajaribiwa tena kwa muuza sambaza.