Taa za kidimbwini: Usalama huanza nje ya maji

VOI ndilo lango la watalii wengi waendao katika Mbuga ya Tsavo Mashariki, na katika eneo linalouzunguka mlima Sagalla hoteli yenye kidimbwi cha kuogelea si jambo geni. Jua linapotua, mwenye hoteli hupenda maji yake yang'ae. Lakini taa iliyozamishwa majini bila kufuata kanuni inaweza kumuua mtoto anayeogelea au mfanyakazi anayesafisha kidimbwi.

Sababu ni kwamba ngozi iliyolowa haizuii umeme kama ngozi kavu. Mkondo mdogo wa miliampea 30 hivi unaweza kuikaza misuli hadi mwogeleaji ashindwe kupiga mbizi au kupaza sauti. Huzama kabla ya watu kutambua kuwa maji yana umeme.

Kanuni za kimataifa, IEC 60364 sehemu ya 702, ambazo zinashabihiana na zile za Uingereza (BS 7671), hugawa mahali hapo katika kanda 3. Kanda 0 ni ndani ya maji. Kanda 1 huenea mita 2 kutoka ukingoni na kupanda hadi mita 2.5. Kanda 2 huongeza mita 1.5 zaidi.

Taa ya ndani ya maji haipaswi kupewa umeme wa volti 240 moja kwa moja. Hupewa volti 12 kutoka kwa transfoma maalumu ya usalama, ambayo nyaya zake za kuingiza na kutoa umeme zimetenganishwa kabisa. Transfoma hiyo huwekwa mbali, ikiwezekana zaidi ya mita 3.5 kutoka ukingoni, mahali pakavu. Upande wake wa volti 12 hauunganishwi na ardhi. Taa yenyewe nayo iwe imetengenezwa kwa matumizi ya kidimbwini na kuthibitishwa kwa kiwango cha IPX8. Taa ya bustani haifai.

Hapo ndipo mafundi wengi hukosea. Volti zikipungua, mkondo huongezeka. Taa ya wati 50 kwa volti 12 huvuta takriban ampea 4.2. Ikiwa iko mita 20 kutoka kwa transfoma, waya wa milimita mraba 2.5 utapoteza karibu volti 1.5, na taa itafifia. Waya wa milimita mraba 6 hupoteza karibu volti 0.6 tu. Fundi asiyejua hesabu hii hushawishika kupeleka volti 240 hadi majini ili taa iwake vizuri, na hapo hatari huanza.

Jambo la pili ni kuunganisha pamoja vyuma vyote vilivyo katika kanda hizo: ngazi, reli, mabomba na nondo za zege. Vikiunganishwa kwa waya wa shaba, hakuna tofauti ya volti kati ya kimoja na kingine, na anayeshika ngazi akiwa majini hapigwi.

La tatu ni swichi ya kukata umeme unapovuja, ya miliampea 30. Katika ardhi kavu, kama ilivyo sehemu kubwa ya nyanda za chini za Sagalla, fito la athi huenda lisipitishe umeme vizuri. Tuseme ukinzani wake ni omu 100: umeme wa volti 240 utapitisha ampea 2.4 pekee, kiasi kisichoweza kuangusha swichi ya kawaida ya ampea 32. Kidimbwi kitabaki na umeme bila yeyote kujua. Swichi ya miliampea 30 huukata mara moja.

Nchini Kenya, kazi ya nyaya hufanywa na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli (EPRA), chini ya Sheria ya Nishati ya mwaka 2019. Mwenye hoteli adai cheti cha kukamilika kwa kazi pamoja na matokeo ya vipimo: uzima wa nyaya, ukinzani wa athi na muda wa swichi kukata umeme.

Baada ya hapo, kitufe cha majaribio cha swichi hiyo kibonyezwe mara kwa mara. Kikikataa kukata umeme, taa zizimwe na kidimbwi kifungwe hadi fundi afike. Hasara ya usiku mmoja hulipika, uhai haulipiki.