Kukojoa Sana Siko Kutoa Asidi

"Daktari, niandikie dawa ya kusafisha figo, hii asidi itoke." Ombi hili naletewa kila mara, tena na watu waliosoma, basi leo nalijibu kwa maandishi. Figo za mwenye jongo hazijaziba kwa uchafu. Asidi ya yuriki, ile inayoleta jongo, hupita kwenye chujio la figo bila taabu. Halafu mirija midogo huichukua na kuirudisha kwenye damu, takriban asilimia 90 ya ile iliyochujwa. Shida iko huko kwenye kurudishwa, na huko hakuna cha kuosha.

Wauza dawa za kusafisha figo wana hoja moja tu: ukinywa, unakojoa. Mgonjwa anaona mkojo mwingi, mweupe, anaamini asidi imetoka nao. Haijatoka! Tazama vidonge vya presha vinavyokojoza: haidroklorothiazidi, bendrofluazidi, na furosemidi ambayo wengi mnaiita Lasix. Vyote huongeza mkojo, na vyote hupandisha asidi ya yuriki. Mwili ukipungukiwa chumvi na maji, figo hushika kilichobaki: mirija hurudisha chumvi kwa nguvu zaidi, na asidi hurudi pamoja nayo. Isitoshe, dawa hizo hugombania na asidi njia zile zile za kutokea. Kwa hiyo mizizi inayokukojoza mpaka midomo ikakauka inakurudishia asidi ile ile uliyolipa pesa itolewe.

Dawa ya limau na magadi ndiyo inayonikera zaidi. Magadi yamejaa sodiamu. Mwenye presha akiyanywa kila asubuhi, presha inapanda, kisha anaongezewa kidonge cha kukojoza, na jongo linazidi. Maji matupu ni jambo jingine, kwa kuwa yanaujaza mwili badala ya kuukausha. Yanywe, isipokuwa kama umepimiwa kiasi kwa sababu ya moyo au figo.

Wagonjwa wa jongo hufika kidole gumba cha mguu kimevimba, kinang'aa, hata shuka likikigusa ni kilio. Wameacha nyama na maharage, wamekunywa machupa ya dawa, lakini hakuna aliyewauliza wanameza vidonge gani. Naomba nione boksi. Limeandikwa losartani, na mbele ya jina kuna herufi H. Hiyo H ni haidroklorothiazidi. Losartani yenyewe huzuia asidi isirudishwe kwenye damu. Mwenzake aliyemo ndani ya kidonge hicho hicho anairudisha. Herufi moja, na mtu anateseka miaka.

Aspirini nayo ina tabia mbili. Dozi ndogo ya kulinda moyo huifanya figo izuie asidi. Dozi kubwa, zaidi ya gramu 3 kwa siku, huitoa. Msijaribu hiyo ya pili, itawatoboa tumbo. Na pirazinamidi, inayomezwa miezi miwili ya mwanzo ya tiba ya kifua kikuu, huzuia asidi kuliko karibu dawa zote ninazozijua. Viungo vikiuma, sema kliniki. Usiache dozi, kwani TB inaua.

Sasa ya kufanya. Usijiachishe dawa ya presha. Uliza kama kidonge cha kukojoza kinaweza kubadilishwa kwa losartani tupu au amlodipini. Anayehitaji furosemidi kwa ajili ya moyo aendelee nayo, na aspirini ya moyo ibaki. Bia ipungue. Maumivu yakishika, kolkisini kwa dozi ndogo. Diklofenaki si ya mwenye figo dhaifu. Mashambulizi yakijirudia, alopurinoli, ambayo hupunguza asidi inayotengenezwa: anza na miligramu 100 kwa siku au chini ya hapo, ipandishwe polepole mpaka kipimo cha asidi kwenye damu kishuke chini ya miligramu 6 kwa desilita. Miezi ya mwanzo jongo linaweza kuchachamaa, usiiache kwa sababu hiyo. Ukitokwa na upele, iache siku hiyo hiyo na uende hospitali.