Mkono Uliosahau Hufundishwa Upya

Kware ya Embakasi, mashariki ya jiji la Nairobi, haihusiani na yule ndege wa vichakani. Jina limetokana na neno la Kiingereza la machimbo ya mawe. Leo ni mtaa wa majumba yaliyobanana, mengi ya ghorofa sita, saba na zaidi, na njia ya kupandia ni ngazi. Kwa mwenye afya ngazi hizo ni udhia tu. Kwa aliyepatwa na kiharusi naye amepanga ghorofa ya tano, ngazi hizo ni kifungo.

Kiharusi ni maradhi ya ubongo. Mshipa wa damu huziba au hupasuka, na sehemu iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo hufa. Likiumia pande la kushoto, hulegea mkono na mguu wa kulia. Likiumia la kulia, hulegea wa kushoto. Wako wanaosema mgonjwa amekumbwa na upepo mbaya, wakapoteza saa za mwanzo wakitafuta wa kumzingua, na hali saa hizo ndizo za kukimbilia hospitali. Dua na isomwe, lakini isomwe njiani.

Akisharudi nyumbani, huingia kosa jingine, nalo ni la mapenzi. Mke humlisha, binti humvisha kanzu, vijana humbeba hadi chooni. Mkono uliolegea huachwa mapajani kama mzigo wa mtu mwingine. Ubongo nao una tabia ya kumpa nafasi anayefanya kazi: kiungo kisichotumika hupokonywa sehemu yake, na kinachotumika huongezewa. Seli zilizokufa hazifufuki, lakini zilizosalia jirani huweza kufundishwa kazi ya zilizokufa, mradi kazi hiyo irudiwe mara nyingi, na mwenyewe akiwa amekusudia. Mtoto anayefundishwa kusuka ukili ndivyo anavyoanza: huutazama kila mkunjo, hukosea, hufumua, mpaka siku moja vidole vyasuka naye azungumza. Mgonjwa wa kiharusi amerudishwa kwenye ukili wake wa kwanza.

Zamani waganga wengi hawakuyakubali haya. Walidhani ubongo wa mtu mzima umekwisha kukauka kama saruji. Mwaka 1959 mwalimu wa chuo mjini New York, Mspanishi aitwaye Pedro Bach-y-Rita, alipatwa na kiharusi akiwa na miaka 65, akapooza upande mmoja na kukosa kusema. Mwanawe George, aliyekuwa akisomea uganga nchini Mexico, alimchukua kwake. Kwa kuwa hakujua taratibu za hospitali, alimwanzisha babake kama mtoto: atambae kwanza, bega likiegemea ukuta. Majirani walinung'unika kumwona mzee msomi akitambaa nje kama mnyama. Aibu hiyo waliivumilia. Baadaye akapewa masufuria aoshe kwa mkono ule mbovu, dakika kadhaa upande huu, dakika kadhaa upande ule. Mzee alirudi kufundisha. Alifariki miaka kadhaa baadaye kwa maradhi ya moyo, akiwa anapanda mlima Colombia, na ubongo wake ulipochunguzwa lile jeraha kubwa lilikutwa liko pale pale. Halikuwa limepona, njia nyingine ilikuwa imefunguka. Mwanawe mwingine, Paul, aliyekuwa daktari, aliushika utafiti huo maisha yake yote.

Mwaka 2006 ulitolewa nchini Marekani uchunguzi uliofanywa kwa wagonjwa 222. Baadhi yao walivishwa kifuko kwenye mkono mzima kwa wiki mbili, karibu wakati wote walipokuwa macho, ili ule mbovu ulazimike kufanya kazi. Mikono yao iliendelea vizuri kuliko ya wenzao, na wote walikwisha kupita miezi mitatu tangu kuugua. Nasi twaambiana kwamba kisichorudi katika wiki chache hakirudi tena!

Liko jambo linalowatatiza jamaa zaidi ya udhaifu wenyewe. Pengine mgonjwa aliyeumia ubongo upande wa kulia hula nusu ya sinia, ya kushoto akaiacha, kisha akadai hakushiba. Huvaa mkono mmoja wa kanzu. Hujigonga mlangoni. Si ukaidi, wala si jini. Macho yake yaona, ila ubongo umeusahau upande ule, na mwili wake mwenyewe wa upande huo. Yafaa akumbushwe: aguswe mkono ule, aulizwe uko wapi, ahimizwe kugeuza kichwa kuutafuta.

Katika jambo hili Waislamu tuna mali ambayo hatuitumii. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza Imran bin Huswayn aliyekuwa mgonjwa: asali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa kulalia ubavu. Isomeni ruhusa hiyo kutoka chini kwenda juu, mtaikuta ni ngazi ile ile ya wataalamu wa viungo: kujigeuza kitandani, kukaa bila kuegemea, kisha kusimama. Sisemi kwamba Sala iliwekwa kwa ajili ya mazoezi. Nasema mgonjwa aliyezizoea rakaa zake tangu utotoni ana sababu ya kujaribu mara tano kwa siku, na anajua kila kiungo kinatakiwa kiwe wapi. Hata kidole cha shahada kikiinuka kidogo tu kwenye tahiyatu, hiyo ni kazi.

Turudi kwenye ngazi za Kware. Kupanda, mguu mzima utangulie. Kushuka, utangulie ule dhaifu. Mkono ulioshika ukingo uwe mzima kwanza. Msaidizi akae daima upande wa chini: nyuma yake akipanda, mbele yake akishuka. Siku ya kwanza vidato viwili vyatosha, kisha apumzike, na kiti kiwe tayari pale kwenye kituo cha ghorofa.