Je, Wajua? Alichodonoa Kuku Kimo Ndani ya Yai

Je, wajua kwamba kuku hawezi kutengeneza unjano wa kiini? Hata chembe! Rangi yote unayoiona ukipasua yai la soko kuu la Mbale, kuku aliidonoa mahali fulani: kwenye jani, kwenye punje, kwenye mdudu. Mnyime rangi hiyo, naye ataendelea kutaga kama kawaida, ila kiini kitatoka kimepauka mpaka uulize unjano umekwenda wapi.

Sogea kidogo, mwenzangu, uone mahindi yanavyohusika. Kilo 1 ya mahindi ya njano ina miligramu 17 hivi za rangi inayopaka kiini. Mahindi meupe, haya haya ya posho yetu, yana karibu sifuri! Ndiyo maana kuku wa kisasa wa Jinja anayelishwa pumba za mahindi meupe hutaga yai la kiini hafifu, ilhali mwenzake wa Marekani, aliyefungiwa vilevile bandani, hutaga kiini cha kung'aa kwa sababu tu amekula mahindi ya njano.

Na muhogo? Mzizi wake ukikaushwa ukasagwa na kulishwa kuku, kiini hakipati rangi yoyote. Majani ya muhogo huohuo, yakikaushwa na kuchanganywa kwenye chakula, hukoleza kiini vizuri kabisa. Shina moja, viini viwili tofauti!

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya kiini hujengwa kwa siku 10 hivi, tabaka juu ya tabaka? Watafiti wamewahi kuwalisha kuku rangi fulani siku hii na rangi nyingine siku ile, kisha wakalichemsha yai na kulikata katikati. Wakakuta pete, pete, pete, kama za shina la mti! Kwa hiyo ukimfungulia kuku leo akale majani, vuta subira wiki 2 hivi ndipo viini vyote vibadilike.

Kuku hasikii ukali wa pilipili, hilo nalo ulilijua? Mpe pilipili kali ya kukutoa wewe machozi, yeye atadonoa na kuomba nyingine, kwa maana neva za ndege haziwashwi na kiwashio kilichomo ndani yake. Lakini wekundu wa pilipili unampitia moja kwa moja hadi kwenye kiini na kukifanya cha rangi ya chungwa. Viwanda vya chakula cha kuku vinalijua hilo vizuri: vina kadi za kupimia rangi ya kiini, kuanzia namba 1 iliyopauka hadi namba za juu zilizoiva, na mfugaji huchagua namba anayoitaka!

Basi shika hili kabla hujalipia trei: rangi si lishe. Rangi inakwambia kuku alikula kitu chenye rangi, basi. Mimi naona wanunuzi wengi tunapoteza pesa hapa, tukilipia unjano tukidhani tumenunua vitamini.

Ushahidi? Viazi lishe vyenyewe, vile vya nyama ya rangi ya chungwa. Kati ya 2007 na 2009 vilisambazwa kwa maelfu ya kaya huko Kamuli, jirani na Jinja, na Bukedea, jirani na Mbale, ili watoto wapate vitamini A. Mtafiti wa Uganda, Robert Mwanga, alikuwa mmoja wa wanne walioshinda Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya mazao ya aina hiyo. Sasa mrushie kuku maganda ya kiazi hicho. Betakarotini iliyomo anaibadilisha kuwa vitamini A, na ikishabadilika unjano wake mwingi umekwisha! Kinachopaka kiini hasa ni ndugu zake wengine, luteini na zeazanthini, ambao wamejaa kwenye majani mabichi.

Haya, na kuku anayetembea malishoni, yai lake lina nini zaidi? Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, walitoa majibu. Kuku waliokula nyasi na mikunde walitaga mayai yenye vitamini E mara 2 ya yale ya kuku wa bandani, na mafuta ya omega-3 zaidi ya mara 2. Ndege ni wale wale, tofauti ni walichokula! Vitamini A nayo ilikolea kwa asilimia 38 zaidi, ila ukipima yai zima kwa yai zima, tofauti ya vitamini A haikuonekana.

Ugiriki walishangaa zaidi. Mwaka 1989 yalipimwa mayai ya kuku waliokuwa wakirandaranda shambani wakila majani pori, wadudu na tini. Mafuta ya omega-6 kwa omega-3 yalikaribiana, 1.3 kwa 1. Yai la dukani Marekani? Karibu 20 kwa 1! Mojawapo ya majani hayo ni gugu lile nene la kutambaa, lenye majani ya majimaji, linalopatikana hata katika mashamba yetu na ambalo wengi tunaling'oa na kulitupa.

Huku Jinja kuku anayo njia nyingine ya kupata omega-3, nayo inatoka ziwani. Mukene, dagaa wa Ziwa Viktoria wanaoanikwa Masese, huliwa na watu, na sehemu kubwa huishia kwenye chakula cha mifugo. Samaki hao wadogo wana mafuta yale yale yanayosifiwa kwa ubongo wa mtoto, na kuku huyapitisha kwenye kiini. Sasa sikiliza: mukene huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka sana taa hazivuti samaki, wavuvi wanapumzika. Kwa hiyo kapu la chakula cha kuku wako linafuata mwezi wa angani! Ila usizidishe. Mukene wakizidi, yai linanuka samaki.

Je, wajua kwamba kuku hutengeneza vitamini D kwa miguu? Ndiyo, kwa miguu! Manyoya yanazuia jua, lakini miguu iko wazi, na ngozi yake ina malighafi ya vitamini D mara 30 hivi kuliko ngozi iliyofunikwa na manyoya. Ukimwona kuku amejilaza juani mguu mmoja umenyooshwa pembeni, jua kiwanda kimeanza kazi.

Na kiwanda hicho kinazalisha kweli. Mwaka 2014 watafiti wa Ujerumani walichapisha vipimo vyao: kiini kilichokaushwa cha kuku wa ndani kilikuwa na maikrogramu 3.8 za vitamini D kwa kila gramu 100. Cha kuku waliotoka nje? Maikrogramu 14.3! Karibu mara 4, kwa wiki 4 tu za jua. Hao ni kuku wa Ulaya, ambako jua la kufaa kazi hiyo huja kiangazi na kuondoka. Jinja iko chini ya kilomita 60 kutoka ikweta na Mbale kama kilomita 120. Jua la kutosha lipo Januari hadi Desemba, na ni bure. Ninaposikia mtu anajenga banda lisilo na upenyo hata mmoja wa jua katika nchi hii, roho inaniuma.

Ila kuku haendi mbali penye uwazi mtupu. Babu yake alikuwa ndege wa msituni huko Asia, na hadi leo anaogopa mwewe, hivyo huenda mbali zaidi penye miti ya kumfunika. Shamba la kahawa na ndizi la mteremko wa Mlima Elgon tayari linampa kivuli, wadudu na majani kwa pamoja!

Sasa nikwambie la pamba, maana hili likisimuliwa watu hawaamini. Mbegu za pamba ya biashara zilifika Uganda mwaka 1903, na mashariki yote ikafunikwa na pamba: Busoga, Bukedi, Teso. Vinu vikajengwa, mbegu zikakamuliwa mafuta, na mashudu yakabaki. Mashudu ya pamba yana protini nyingi, kwa hiyo yakaingia kwenye chakula cha mifugo. Mlishe kuku mashudu hayo kwa wingi, liweke yai ndani kwa wiki kadhaa, kisha lipasue. Ute umekuwa wa waridi! Kiini kimeingia ukijani wa zeituni!

Kumetokea nini? Mafuta ya mbegu ya pamba yana asidi zinazolegeza ule utando mwembamba unaozunguka kiini. Chuma cha kiini kinavuja na kuingia kwenye ute, kinakutana na protini iliyokuwa ikikisubiri, na vikishikana vinatoa uwaridi. Wakati huohuo gosipoli, sumu ambayo mmea wa pamba hujitengenezea dhidi ya wadudu, inashikana na chuma kilichobaki ndani ya kiini na kukitia ukijani. Yai likiwa bichi la leo huoni kitu! Dawa waliyoigundua wenye viwanda ni kutia chembe za chumvi ya chuma ndani ya chakula, ili gosipoli ishikwe humo humo kabla haijafika kwenye yai.

Turudi kwenye yai zima. Ganda lake ni asilimia 94 hivi kalsiamu kaboneti, na lina gramu 2 hivi za kalsiamu. Kuku hulijenga kwa saa 20 hivi tu, nyingi zikiwa za usiku akiwa amelala! Kalsiamu ikipungua kwenye chakula, anaichota kwenye mifupa yake mwenyewe. Huku kwetu hupewa maganda ya konokono na kome wa ziwani yaliyosagwa, au chokaa. Tororo, jirani ya Mbale, ina mwamba wa chokaa wa aina inayozaa saruji, kama ile ya bwawa la Owen Falls pale Jinja, lililozinduliwa mwaka 1954. Bwawa la umeme na ganda la yai vimetoka kwenye madini ya aina moja!

Je, wajua kitu ambacho yai halina kabisa? Vitamini C. Sifuri! Kuku anajitengenezea yake mwenyewe kwenye figo, na kifaranga vivyo hivyo, kwa hiyo mama hana haja ya kumfungia humo. Wewe na mimi hatuwezi, inabidi tule chungwa.

Protini nayo ni mkaidi. Yai la gramu 50 lina gramu 6 hivi, awe kuku wa malishoni au wa bandani, na huibadilishi kirahisi kwa chakula. Chuma ni hivyo hivyo. Vinavyofuata chakula ni vitamini A, D, E na B12, mafuta, selenia na madini joto: ongeza kwenye kapu, vitaongezeka kwenye yai.

Kuku wa kienyeji wa kijijini hutaga mayai 30 hadi 50 kwa mwaka. Kuku wa kisasa wa mayai hupita 300! Kuroiler, aliyeletwa Uganda kutoka India miaka ya 2010 hivi, anaokoteza uani kama wa kienyeji na bado anapita 150. Umeona? Kinachombana wa kienyeji ni damu yake pamoja na tumbo. Nyasi na kumbikumbi vinanogesha yai, lakini havina nguvu ya kutosha kumtagisha kila siku, kwa hiyo mtupie kiganja cha nafaka jioni.

Kidogo kuhusu mwanga: kuku wa mayai hutaga vizuri zaidi akipata mwanga wa saa 14 hadi 16. Kwetu mchana ni saa 12 mwaka mzima. Wafugaji wengi huwasha taa bandani kuziba pengo hilo!

Sheria ya Ulaya, kwa yai kuitwa la kuku huru, inadai mita za mraba 4 za nje kwa kila kuku. Fanya hesabu: eka 1, kuku 1,000. Kuku 10 wa mama mwenye uwanja mdogo pale Bugembe, Jinja, wanaweza kuwashinda kuku hao wa Ulaya kwa nafasi.

Na la mlaji wa rolex. Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, mwaka 2015 kiliwapa vijana 16 mboga mbichi, nyanya na karoti zikiwemo. Walipokula na mayai 3, miili yao ilifyonza rangi zenye faida za mboga hizo karibu mara 4 kuliko walipokula mboga peke yake, kwa sababu rangi hizo huyeyuka kwenye mafuta na kiini kina mafuta. Rolex nayo ni mayai, nyanya, kabichi, karoti, vyote vimekunjwa ndani ya chapati moja: mwambie muuzaji aongeze mboga!