Basi la kwenda Kaboya

Novemba ni mwezi ambao Kanisa Katoliki linawaombea marehemu wote. Katika parokia zetu za ukanda huu wa Shinyanga na Geita, waamini huleta bahasha zenye majina ya wafu wao, na padri huyasoma kwenye Misa mpaka koo linamkauka. Miongoni mwa bahasha hizo kuna moja ninayoitambua kabla ya kuifungua. Huletwa na bibi mmoja wa kigango cha pembezoni. Ndani yake kuna jina moja tu, la kaka yake, aliyekuwa mgambo, akaondoka mwaka 1978 kwenda vita vya Kagera na hakurudi. Amezikwa Kaboya, wilayani Muleba. Dada mtu hajawahi kufika.

Mjukuu wa bibi huyo ni askari wa Jeshi la Wananchi. Alipokuja likizo alinieleza kwamba kwao kulipangwa ziara ya siku mbili kwa askari vijana: walale Muleba, asubuhi wafike Kaboya kwenye makaburi ya mashujaa, kisha waende mpaka Kyaka, kwenye daraja la Mto Kagera. Ziara ikafutwa. Fungu halikutosha.

"Baba, tumeambiwa tutaonyeshwa video," akasema, akacheka.

Mimi sikucheka, ingawa naelewa kwa nini fungu halitoshi. Sitaki mtu anielewe kwamba napinga kubana matumizi. Mwaka 2015 Rais Magufuli aliahirisha sherehe za Uhuru, na shilingi bilioni 4 zilizokuwa zitumike zikapelekwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge. Mwaka 2022 Rais Samia naye alifuta sherehe za Uhuru, fedha zikajenga mabweni ya watoto wenye mahitaji maalumu. Nilizisifu hatua zote mbili altareni, na sijutii. Mwalimu Nyerere mwenyewe, vita vya Kagera vilipokwisha, aliwaomba Watanzania wafunge mikanda kwa miezi 18. Sisi tuliokuwa watoto tunakumbuka kwamba miezi hiyo ilirefuka sana, na sabuni ilikuwa habari ya kusikia.

Lakini sherehe ni kitu kimoja na ziara ya askari kwenye makaburi ni kingine. Tukikata vyote kwa panga lilelile tutakuwa hatukutazama.

Fikirini kwanza jambo dogo. Ipo kambi kubwa ya jeshi Dar es Salaam inayoitwa Lugalo. Jina hilo lilitoka Iringa, mahali ambapo Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa walikisambaratisha kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Zelewski, naye akafa hapohapo. Kambi hiyo zamani iliitwa Colito, na ndipo yalipoanzia maasi ya Januari 1964 yaliyotufanya tuvunje jeshi la kikoloni na kuunda letu. Majina mawili ya kambi moja yamebeba historia nzima. Ni askari wangapi wanaotamka "Lugalo" kila siku na hawajapaona Lugalo penyewe? Wala siwalaumu, kwa sababu hakuna aliyewapeleka.

Kutoka kwetu Kaboya si mbali. Ukitoka Shinyanga unapita Kahama, Ushirombo, Runzewe, unakunja kwenda Biharamulo, unaingia Muleba. Wa Geita anapitia Chato. Kinachohitajika ni basi moja, dizeli, mchele na maharage, na mahali pa kulala. Huko mbele kijana ataona jinsi makaburi yalivyopangwa kwa safu. Akifika Kyaka ataona mto ulivyo, ataelewa kwa nini majeshi ya Idi Amin yalilivunja daraja lile, na kwa nini wetu walihangaika kuweka la muda ili wavuke. Ataona magofu ya kanisa lililopigwa vitani. Video itamwonyesha mto, lakini haiwezi kumsimamisha kwenye ukingo wake akajiuliza: mimi ningevuka?

Tena tarehe yenyewe inatugusa sisi Wakatoliki. Mwalimu alilitangazia taifa kwamba tutapigana na Amin tarehe 2 Novemba 1978, siku ambayo kila mwaka tunawakumbuka Marehemu Wote. Sijui kama yeye, mtu wa Misa ya kila siku, aliliwaza hilo. Nakumbuka tu treni za kwenda Mwanza zikipita Shinyanga zimejaa watu, na akina mama wamesimama kando ya reli wameshika vichwa. Jeshi lilipanuka likapita watu 150,000, wakiwemo mgambo wapatao 40,000. Wakulima wa pamba na wachunga ng'ombe walivaa sare ndani ya wiki chache. Kaka wa yule bibi alikuwa mmoja wao.

Sasa twende kwenye Maandiko. Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12 (ndugu zetu Waprotestanti watanisamehe, hakimo kwenye Biblia zao), kinasimulia kwamba baada ya vita Yuda Mmakabayo na watu wake walirudi kuchukua miili ya wenzao ili wakaizike pamoja na jamaa zao. Walipoiinua wakakuta kila aliyekufa ana hirizi ndani ya vazi lake, vitu vya miungu ya Yamnia, walivyokatazwa na Torati. Wale waliokufa kwa ajili ya taifa walikuwa na siri kifuani.

Yuda angeweza kufanya mambo mawili rahisi. Angeweza kuzificha hirizi akawatangaza wafu wote mashujaa wasio na doa. Au angeweza kuwaacha porini, kwamba wamejitakia. Hakufanya hata moja. Kosa lilijulikana kwa jeshi zima, watu wakasali, kisha akachangisha kwa kila askari mpaka zikapatikana drakma kama 2,000 za fedha, akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi za marehemu.

Tuliosoma seminari tulifundishwa kifungu hiki kama msingi wa kuwaombea walioko toharani, na ndivyo kilivyo. Miaka inavyokwenda naona kitu kingine ndani yake. Waliokwenda kuinua miili ni askari walio hai, kwa mikono yao wenyewe, na waliotoa fedha ni wao. Ni wao pia walioambiwa ukweli wote, hadi ule wa hirizi.

Kwetu huku habari ya hirizi haihitaji maelezo. Kinachohitaji maelezo ni ule ukweli. Vita vya Kagera vilitupa fahari ya haki, lakini vilituachia pia bunduki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wezi wa ng'ombe walianza kuingia vijijini kwetu na silaha za vita, na watu wa Kahama na Shinyanga wakaunda sungusungu kwa upinde na mshale kujilinda. Sungusungu nayo baadaye ikawa na dhambi zake. Vikongwe wa Usukumani wangeweza kusimulia. Ziara nzuri ya askari ingeyataja haya yote. Ingepita Kaboya, na ikirudi isimame kijiji kimojawapo cha Kahama, wazee wawaeleze vijana nini hutokea bunduki isiporudishwa ghalani. Ziara inayosifu tu afadhali kweli ifutwe, tununue madawati.

Kuna atakayesema: Padri, zahanati haina dawa, wewe unataka mafuta ya basi la kutazama makaburi. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini tazama kwenye maduara ya dhahabu hapa kwetu. Kifusi kikimfukia mchimbaji, kazi husimama. Wenzake huchimba usiku na mchana, hata matumaini yakiisha, mpaka wampate wampe ndugu zake. Hasara wanaiona, na hawaondoki. Anayeshuka shimoni kesho yake anashuka akijua kwamba hataachwa chini.

Askari wetu naye anashuka. Desemba 2017 Watanzania wasiopungua 14 waliuawa kwa siku moja kule Semuliki, mashariki mwa Kongo, wakilinda amani ya watu wasiowajua. Kijana anayeandaliwa kwa kazi kama ile ana haki ya kusimama mbele ya kaburi la aliyemtangulia na kuona kwamba limetunzwa. Kama ni lazima tukate, tukate fulana, kofia, mahema ya kukodi na posho za wanaokwenda kutazama wenzao wakitazama. Basi libaki. Na kama hata basi haliwezekani, nasema hili kwa waamini wenzangu: parokia zetu hukodi mabasi kwenda hija kila mwaka. Viti viwili vitatu vya askari havitatufilisi.

Yule kijana hakusubiri kikosi wala parokia. Siku zake tatu za mwisho za likizo alipanda basi kwa nauli yake, akashuka Kaboya, akajitambulisha, akaruhusiwa kuingia. Aliporudi alinipitia, tukaenda pamoja nyumbani kwa bibi. Akamwonyesha picha kwenye simu. Bibi aliisogeza karibu na jicho lake zima, akaitazama muda mrefu.

"Nani anafagia hapa?" akauliza.

"Sisi askari, bibi."

Akanyamaza. Kisha akanigeukia. "Baba, ile nia ya Misa niliyoleta, bado hujaisoma?"

"Bado, mama. Ni Jumapili."

"Basi ongeza. Andika na majirani zake."

Nikamuuliza majina yao.

"Nitayajuaje, baba? Wewe andika majirani. Hata kama ni Waislamu."

Nikaandika.