Kapu la Taka Linapogoma Kumwagwa

Katika ofisi nyingi za mjini kompyuta ndiyo kabati la mafaili siku hizi, na kama kabati lolote, hujaa. Karani akionywa kwamba diski imejaa, hufuta. Atafuta barua za zamani, atafuta picha za sherehe, kisha ataamuru kapu la taka limwagwe. Kapu linakataa. Anarudia, linakataa tena. Huitwa fundi, na fundi asiye mwangalifu ana dawa moja kwa maradhi yote: mashine ifomatiwe upya.

Ndugu msomaji, dawa hiyo huondoka na taka pamoja na hesabu za mwaka mzima. Kabla hujaikubali, yafaa uelewe kapu hilo ni kitu gani.

Kampuni ya Apple iliweka kapu katika kompyuta yake ya Lisa mwaka 1983, na katika Macintosh mwaka 1984. Microsoft nayo ikaliweka katika Windows 95, mwaka 1995. Shabaha ni kumpa binadamu nafasi ya kujirudi. Faili unalolifuta huhamishiwa tu kwenye folda maalumu, nalo hukaa humo likichukua nafasi ileile mpaka kapu limwagwe. Ndiyo maana kufuta peke yake hakuipunguzii diski mzigo.

Kwa nini basi kapu ligome? Sababu zilizo kubwa ni tatu.

Kwanza, huenda faili bado limeshikwa. Ipo programu iliyolifungua, pengine ile inayokagua virusi, na kompyuta haikubali kuliangamiza jambo ambalo bado linatumika. Funga programu zote ujaribu tena. Ikishindikana, zima mashine, iwashe upya, na umwage kapu kabla hujafungua kitu kingine. Tiba hii nyepesi huponya wagonjwa wengi.

Pili, faili huenda limetiwa kufuli, au si lako. Kwenye Macintosh, litoe kapuni, fungua taarifa zake, uondoe alama ya kufuli. Kama ni la mtumiaji mwingine wa mashine hiyo, aingie yeye mwenyewe au msimamizi wa kompyuta, mwenye mamlaka ya kufuta.

Tatu, kapu lenyewe huenda limeharibika, mathalani umeme ulipokatika ghafla wakati mashine ikiandika diskini. Kwanza endesha programu ya kukagua makosa ya diski, ambayo huja pamoja na Windows. Isiposaidia, fahamu kwamba kila diski ina folda iliyofichwa inayotunza taka. Msimamizi anaweza kuifuta folda hiyo nzima, na Windows itaunda nyingine. Lakini taka za watumiaji wote wa diski hiyo zitakwenda kwa pamoja, hivyo kila mmoja akague lake kwanza.

Wenye flashi nao wana kisa chao. Ukifuta mafaili ya flashi ukitumia Macintosh, taka hubaki ndani ya flashi ileile, mafichoni. Ukiichomoa bila kumwaga kapu, utaiona tupu, ilhali inadai imejaa. Irudishe kwenye Macintosh, mwaga kapu, nafasi itapatikana.

Katika yote hayo, hakuna hata moja lililolazimu kufomati. Na endapo fundi atakueleza kwa hoja kwamba hapana budi, mwambie anakili kwanza kazi zako kwenye diski nyingine, nawe uzifungue uzione kwa macho yako kabla hajaanza.

Limebaki jambo moja ambalo wengi hawalijui. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini ya kompyuta mara nyingine huzoleka. Faili likimwagwa, mara nyingine kinachofutwa ni anwani yake tu. Hapo maandishi hubaki diskini mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na fundi hodari anaweza kuyarudisha. Kwa hiyo, ukimwaga hati uliyokuwa ukiihitaji, acha kuitumia mashine papo hapo ukatafute msaada. Na ukitaka kuuza kompyuta yenye siri za ofisi au za nyumbani, usitosheke kuona kapu li tupu. Diski na isafishwe kwa programu ya kazi hiyo, au iondolewe ubaki nayo. Mnunuzi amelipia mashine. Mishahara ya wafanyakazi wako na barua zako hazikuwamo katika bei.