Thomu ya Majani: Hukatwa Leo, Huchipua Kesho



Hakuna mama wa nyumba asiyeijua saa ile ya jioni mgeni anapobisha hodi bila ya taarifa, na jikoni hamna ila unga, mayai matatu na kitunguu kimoja. Fungu la majani ya vitunguu lililonunuliwa juzi limekwisha nyauka, na soko limefungwa. Juma hili twapenda kuwaelezea wasomaji wetu mmea mdogo uwezao kuikidhi haja ya saa kama hiyo, nao hautaki shamba wala ua mpana. Chungu kimoja barazani chatosha.

Wachina huuita jiucai, Wajapani huuita nira, na wataalamu wa mimea huuita Allium tuberosum. Kwa kuwa lugha yetu haijaupa jina lililozoeleka, hapa tutauita thomu ya majani, kwani kiliwacho ni majani yake, na harufu yake ni ile ya kitunguu thomu, ila ni ya upole zaidi. Majani yenyewe ni membamba na bapa mfano wa ukindu, si ya mviringo yenye uwazi ndani kama yale ya kitunguu maji. Chini hakuna kichwa kikubwa cha kung'oa. Mavuno yote yako juu ya udongo, na mizizi hubaki mahali pake.

Nchini China jina la mboga hii hutamkwa sawa na neno lenye maana ya kudumu, na wanazuoni wao wa kale walieleza kuwa iliitwa hivyo kwa sababu hupandwa mara moja ikadumu. Mshairi wao mashuhuri Du Fu, aliyeishi karne ya 8, alitunga shairi juu ya usiku aliopokewa na rafiki wa siku nyingi, na katika karamu ile mlikuwa na mboga hii iliyokatwa mvuani. Tangu zamani, basi, imekuwa mboga ya kumkirimu mgeni.

Wala si ngeni kwa Waislamu. Wadungani ni Waislamu wenye asili ya China waliohamia Asia ya Kati kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1870, na hadi leo wanaishi Kirigizistani na Kazakistani. Huko mboga hii huitwa jusai, nayo hutiwa katika tambi za mchuzi na ndani ya samsa. Msomaji aliyelisikia jina hilo la mwisho bila shaka ameshamtambua jamaa yake, kwani samsa yao na sambusa yetu ni majina yenye shina moja, lililotoka Uajemi. Basi tukiitia thomu ya majani katika sambusa zetu, tutakuwa tumewafuata ndugu zetu waliotutangulia.

Kuipanda

Mbegu zake ni nyeusi na hazistahimili kuwekwa muda mrefu. Zikishapita mwaka, nyingi hazioti. Njia iliyo nyepesi zaidi ni kumwomba aliye nacho akugawie kishina chenye mizizi. Chukua chungu au ndoo kuukuu yenye kina cha shubiri moja, utoboe matundu chini ili maji yasituame. Mchanga wetu wa pwani peke yake hauna nguvu, hivyo uchanganye na samadi ya mbuzi iliyooza sawasawa. Mbegu zifukie kina kisichozidi sentimita 1, nazo huchipua baada ya wiki mbili au tatu.

Mmea hupenda jua, lakini jua letu la mchana ni kali, kwa hiyo uweke pale panapopata jua la asubuhi na kivuli baada ya adhuhuri. Mwagilia udongo unapoanza kukauka. Waliozoea kutumia maji ya kisima yenye chumvi watahadhari, kwa sababu mimea ya jamii ya kitunguu haipatani na chumvi nyingi. Wakati wa masika ni vyema kukinga maji ya mvua.

Kuikata

Hapa ndipo wengi hukosea, nasi hatukusalimika. Tulipoona majani ya kwanza tulifanya pupa tukayakata, na mche ukadumaa. Mche uliotokana na mbegu uachwe miezi minne hata sita, ujikusanyie nguvu. Kisha kata kwa kisu kikali, ukibakisha vidole viwili juu ya udongo, wala usivute kwa mkono. Tia samadi kidogo, mwagilia, halafu uuache kiasi cha mwezi mmoja kabla ya kukata tena. Ukiwa na vyungu vitatu au vinne na kuvikata kwa zamu, hutakosa majani kila wiki. Maua yake meupe huliwa pia, lakini yasiachwe yakakauka na kumwaga mbegu, kwani mche huenea pasipotakiwa.

Tahadhari mbili. Ya kwanza, usiipande karibu na maua ya bustani yenye majani yanayofanana nayo, kwani mengine yana sumu. Huko Japani watu wamepata kudhurika kwa kuchuma majani ya ua la suisen wakidhani ni nira. Jani la kweli likifikichwa hunuka thomu, lakini mikono ikishanuka kipimo hicho hakifai tena, hivyo ni bora kila mmea uwe na chungu chake. Ya pili, paka asiachiwe kuitafuna, kwani jamii yote ya kitunguu humdhuru damu yake.

Jikoni

Kwa sambusa, pika kima kwa tangawizi, ndimu na bizari kama kawaida hadi kikauke kabisa. Epua, kiache kipoe, ndipo uchanganye majani yaliyokatwa madogomadogo. Ukiyatia mapema hutoa maji, na manda hulowa.

Kwa yule mgeni wa jioni, kanda unga kama wa chapati, sukuma kiduara, weka ndani mayai yaliyokaangwa na kuvurugwa pamoja na majani mabichi na chumvi, kunja nusu, bana kingo, kisha choma juu ya chuma cha chapati kwa mafuta kidogo. Wachina hupenda sana mchanganyiko huu wa mayai na jiucai, ingawa wasio Waislamu huweza pia kuitia pamoja na nyama ya nguruwe. Ukikutana nayo mkahawani, uliza kwanza. Kamba waliokaangwa nao hupendeza wakinyunyiziwa majani haya dakika ya mwisho.

Adabu ya harufu

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliwakataza waliokula thomu, kitunguu na mboga za jamii hiyo kuukaribia msikiti, kwa kuwa malaika hukerwa na yanayowakera wanadamu. Sayyidna Umar, Allah amridhie, naye aliagiza kuwa mwenye kuvila aiue harufu yake kwa kuvipika. Mboga yenyewe ni halali. Linaloangaliwa ni haki ya yule asimamaye ubavuni mwako katika safu. Kwa hivyo wakati wa Ramadhani, sambusa za futari ziwe zimeiva barabara, na mswaki utangulie kabla ya tarawehe. Majani mabichi yawekwe kwa siku za kukaa nyumbani.

Baada ya miaka mitatu au minne chungu hujaa, na majani huanza kuwa membamba. Hapo mche hung'olewa, ukagawanywa vishina vingi. Usivitupe. Tumefundishwa kuwa Muislamu akipanda mmea, akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Kishina kimoja mpelekee jirani, kingine mpe binti aliyeolewa karibuni anayeanza jiko lake, na kingine mama wa chumba cha kupanga asiye na ua. Hakitakugharimu kitu, na kila watakapokata utakuwa na fungu lako katika ujira.

Allah azibariki jiko zetu na mikono inayozihudumia. Amin.